Aliyemuaga Rubani

Nje ya kibanda cha Fundi Redio kuna benchi lenye mguu mmoja wa matofali, na juu yake, kila Alhamisi alasiri, watu watatu huiacha dunia. Wa kwanza ni Fundi mwenyewe. Wa pili ni Mzee Chapa, anayeendesha mashine ya kuchapia vitabu mtaa wa pili. Wa tatu ni binti wa chuo kikuu waliyembandika jina la Hoja, kwa kuwa hajawahi kuombwa hoja moja akatoa moja tu. Wanatunga riwaya ya vitabu saba kuhusu chombo kinachokwenda kwenye nyota ya mbali. Mchapishaji mmoja aliwaambia kwamba watu wetu hawasomi mambo ya nyota. Hoja akamuuliza palepale, kwenye ngazi za ofisi yake, watasomaje kisichoandikwa. Wakaamua kujichapia wenyewe. Kanuni ya benchi ni moja: anayekunywa kikombe cha mwisho cha birika la kahawa ndiye anayeandika sura inayofuata. Ndiyo maana kwa wiki tatu kikombe cha mwisho kimekuwa kikipoa bila mnywaji, na kitabu cha kwanza hakina sura ya mwisho.

— Jumamosi mashine iko wazi, alisema Mzee Chapa. — Bosi kanipa siku hiyo tu. Kwa hiyo leo tukate shauri. Chombo kinageuza kurudi au hakigeuzi?

— Kinageuza, alisema Hoja.

— Hakigeuzi, alisema Fundi, macho yakiwa kwenye redio aliyokuwa akiifunga. — Kina mafuta ya kwenda tu. Maji yakimwagika hayazoleki, binti.

— Hayo ya huku chini, kaka. Kwenye chombo hamna uzito. Yakimwagika yanaelea, unayafuata na kijiko.

Mzee Chapa alicheka mpaka benchi likayumba. Fundi hakucheka.

— Haya, kigeuze. Rubani karudi nyumbani kitabu cha kwanza. Hivyo sita vilivyobaki anafanya nini, anafua?

— Anatusimulia.

Rubani huyo Hoja ndiye aliyemtunga. Alimpa mwanya wa mbele, na tabia ya kucheka kabla kichekesho chake mwenyewe hakijafika mwisho. Benchi zima lilijua mwanya ule ni wa nani. Dada yake Hoja, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikwenda kufanya kazi ng'ambo mwaka wa tano sasa. Simu zilikuwa za kila wiki, zikawa za kila mwezi, sasa namba haipatikani. Hakuna aliyelitaja jambo hilo pale kijiweni. Walibishana kuhusu mafuta.

— Mimi nina njia ya tatu, alisema Mzee Chapa, akijimiminia. — Chombo kisirudi. Dunia ndiyo ikifuate. Tunafunga injini milimani, tunawasha, safari.

— Na mwezi?

— Utafuata wenyewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Mzee, methali hiyo haihusiki hapo.

— Inahusika. Haijakaa vizuri tu.

Fundi aliweka bisibisi chini.

— Dunia haina breki, mzee. Nisikilizeni mimi, mtu wa mawimbi. Sauti haifi. Ikishatoka inazunguka huko juu ikitafuta pa kutua. Basi asirudi rubani, irudi sauti yake. Na kwa kuwa chombo kinaushinda mwanga kwa mbio, sauti itafika kabla hajaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Itafika kabla hajaondoka, alirudia Hoja polepole. — Halafu itasema nini?

— Hilo ni la mwandishi. Mimi natengeneza redio.

Redio yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mnene mwenye mkoba wa ukindu, aliyekuwa ameketi kwenye ncha ya benchi akingoja kifuniko kifungwe. Alikuwa ameyasikia yote.

— Samahanini, wanangu, alisema. — Huyo rubani, siku anaondoka, aliagwa na nani?

Fundi alilivuta daftari la mipango. Ndani yake mlikuwa na idadi ya skrubu za chombo. Mlikuwa na lugha ya watu wanaokaa kwenye mwezi wa tatu wa huko nyotani, na jina la mjukuu atakayekuwa nahodha kwenye kitabu cha tano. Alifunua mbele, akarudi nyuma, akalifunga.

— Hakuna, mama. Sura ya kwanza inaanza wakiwa wameshapaa.

— Aa, alisema yule mama. — Nilidhani ana watu.

Alipokea redio yake, akashukuru, akaenda zake.

Hoja alitazama mikono yake. Siku dada yake alipoondoka yeye alikuwa jukwaani, kwenye mashindano ya mdahalo, akitetea kwamba umbali hauvunji undugu. Alishinda. Dada alikuwa amemwomba amsindikize hadi langoni pa uwanja wa ndege, naye akamjibu, nina mdahalo, tutaagana ukirudi.

Alikivuta kikombe cha mwisho. Kahawa ilikuwa imepoa, ina machicha chini. Akainywa yote, pamoja na machicha. Mzee Chapa alichomoa kalamu sikioni akampa.

Hoja alifungua ukurasa mtupu. Aliandika mstari, akakata, akaandika tena.

— Kwa hiyo kinageuza? aliuliza Fundi, kwa sauti ya chini.

— Sijui, kaka. Bado yuko langoni na begi lake. Ngoja kwanza nifike.