Ednah Ruguru na Kistuli cha Mlangoni

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naitwa Naftaly Nthiga, ndugu mdogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, lakini kwanza nikiri mbele za Mungu kwamba tarehe nyingi nimepewa na jirani yake Wawira, kwa sababu sisi wa damu hatukuzijua.

Dada yetu Ednah Ruguru alizaliwa hapa Kanja tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa mzee Mugendi na mama Ciakuthii, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1975, akaacha ili sisi wadogo tusome. Mwaka wa 1983 aliolewa na Gachoki wa Siakago, hawakujaliwa mtoto, na Gachoki alipofariki mwaka wa 1996 mashemeji walichukua shamba, dada akapanga chumba kimoja sokoni, akawa mpishi wa shule ya msingi hadi Desemba 2020.

Sasa nifike pale ambapo wengine wameniomba niparuke. Baba alipofariki, Agosti 2011, wageni walikuwa wengi, na ni mimi niliyempangia mtu mmoja wa ukoo wetu alale chumba cha watoto, nikasema huyu ni mtu wa kanisa, hana neno. Siku ya tatu, wakimenya viazi, msichana wa miaka tisa wa boma hili alimwambia Ednah jambo alilofanyiwa na mtu huyo, na Ednah hakumuuliza mbona hukupiga kelele, alimwambia tu, nakuamini, akamfunika leso yake, wakaenda hospitali, halafu polisi. Sisi tuliketi kama ukoo tukasema haya ni ya kumalizia nyumbani, tusiaibishe msiba, na mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia, ukisimama kortini usirudi kwetu.

Alisimama. Mtu huyo alifungwa, msichana leo ni mtu mzima, sitamtaja, na Ednah alikula Krismasi kumi na tatu peke yake.

Lakini kila kukiwa na matanga katika ukoo alikuja bila kuitwa, na kistuli chake cha jikoni, akakaa kwenye mlango wa chumba cha watoto mpaka kupambazuke, kisha akarudi Siakago kabla chai haijaiva, na hakuna aliyemwambia ngoja unywe. Tulimwita askari jela. Mmoja wetu, Muthamia, alimuuliza kwa mzaha kama mshahara umeingia, naye akajibu, bado, wenye kunilipa wamelala.

Aliugua sukari tangu 2018, figo zikachoka, akafariki tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, wodini Embu, na aliyeshika mkono wake ni Wawira, si mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu na wapishi wenzake, na ninyi majirani wa Siakago mliokuwa jamaa yake tulipokataa kuwa. Tulimkataza kurudi, leo tumemrudisha sisi wenyewe, na hakuna wa kumwomba msamaha akasikia.

Wageni watalala hapa leo, watoto watakuwa chumba cha nyuma. Kistuli Wawira amekileta, nimekwisha kukiweka mlangoni, na atakayeniuliza mshahara nitamjibu vile alivyojibu.

Pumzika, dada, umekaa macho vya kutosha, leo zamu ni yangu.