Risala ya Wake wa Kota Kuhusu Daftari la Mshauri

Mgeni rasmi, Kamanda wa kikosi, na maofisa wote mlioketi kivulini: sisi wa juani tunawaamkia.

MAKARIBISHO
Karibu kotani. Harufu ya rangi isikushangaze. Kuta zimepakwa jana, upande huu unaouona. Ule wa pili tumeambiwa hutapita.

HISTORIA
Umoja wetu una miezi saba, tangu waume zetu warudi kutoka vitani. Walipokewa kwa bendi na fulana za "Karibu Nyumbani", zote saizi moja. Wakapewa semina ya saa mbili ya kuzoea tena maisha ya kawaida, chai ikiwamo, kisha cheti. Mwenye cheti amepona. Sisi wake hatukualikwa, maana mambo ya nyumbani sisi tunayajulia wapi?

MAFANIKIO
Ni mengi. Chukua nyumba ya katibu wetu, fundi cherehani, anayesoma risala hii. Mumewe, koplo, hakalii kiti kinachoupa mlango kisogo. Cherehani imehamia kwa jirani, kwa kuwa mlio wake humtoa jasho. Mwezi jana mfuniko wa sufuria ulianguka. Koplo akamrukia binti yao wa miaka sita, akamlalia sakafuni kumkinga. Mtoto akavunjika mkono. Tangu hapo baba hamgusi mwanawe, na mtoto hufunga mlango kwa vidole viwili asimshtue baba. Kota yetu ina utulivu wa kupigiwa mfano. Utulivu huo unatuuma sana, mgeni rasmi.

CHANGAMOTO
Ni moja tu, ndogo. Mshauri nasaha tunaye, na ofisi yake ina feni. Ila anayetaka kumwona huandika jina na sababu kwenye daftari la ruhusa, na daftari hilo husomwa kila asubuhi kwenye gwaride, mbele ya kikosi kizima. Hajajiandikisha hata mmoja. Taarifa ya kambi ikasema hakuna mgonjwa. Tunapongeza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya kutangaziwa maradhi yako na sajenti.

Katibu wetu alimbembeleza mumewe: "Baba watoto, nenda basi."

"Niende nikasomwe? 'Koplo fulani, anaogopa mfuniko!' Bora nife nalo, mke wangu."

MAOMBI
Tuliandika maombi manane. Ofisi ikayapitia, likabaki la mashine ya kukata nyasi. Nyasi zitatusamehe. Tunaomba hili ambalo ofisi haikuliona: jina la anayemwona mshauri lisisomwe popote.

Msidhani katibu anamwanika mumewe. Jana alimwonyesha karatasi hii. Koplo akaisoma mara mbili, akasema, "Kama lazima nisomwe, nisome wewe. Mara moja tu, yaishe."

Ameketi kiti cha mwisho, karibu na lango. Mshauri nasaha wetu yuko mstari wa pili. Koplo ameahidi kwamba akikusikia ukilifuta daftari hilo, ataingia ofisini kwa mshauri leo hii. Kwa hiyo tunakuomba, ukisimama, uanze na neno hilo. Hotuba ije baadaye. Ameshainuka mara mbili kutaka kuondoka, na binti yake ndiye anayemshika shati.

Mungu akujalie usikivu kwanza, umri mrefu baadaye.

Ni sisi,
Umoja wa Wake wa Kota za Kikosi