Mapazia Yaliyotakata Kupita Kiasi

Tarehe thelathini mwezi huu, Bi Kiberiti atarudisha funguo za stoo ya mapazia na kustaafu, baada ya kuutumikia ukumbi wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Wageni hudhani jina hilo limetokana na ukali. Ukali anao, tusidanganyane, lakini jina ni la kiberiti kinachokaa mfukoni mwake siku zote, ilhali hajawahi kuvuta sigara hata moja.

Aliajiriwa kama mshonaji. Mwaka wake wa tatu, mkaguzi wa zimamoto alimweleza kwamba mapazia ya ukumbi wa watu mia sita lazima yatiwe dawa ya kuzuia moto, na kwamba dawa hiyo haidumu milele. Tangu hapo kila pazia lilishonewa kitambaa cheupe kwenye pindo, chenye tarehe ya kutiwa dawa na tarehe ya kupimwa. Kila miezi sita alikata ukanda mwembamba pindoni, akaupeleka uani, akaushika kwa koleo juu ya ndoo ya mchanga na kuuwasha. Ukanda mzuri huungua ncha ukazima wenyewe. Matokeo yaliingia daftarini, na mjadala ukaishia hapo.

Meneja mmoja alilalamika kwamba mapazia yanazidi kufupika. Kweli, kwa kukatwa huko yalikuwa yameanza kuvaa kaptula. Bi Kiberiti aliagiza mengine yenye pindo refu, akaendelea kukata.

Miaka kumi na tisa iliyopita, bintiye wa pekee alifanyia harusi yake hapa ukumbini. Mfanyakazi wa usafi, mwenye wiki tano tu kazini, aliona mapazia yana vumbi, akaamua kumfanyia mama wa bibi harusi wema wa kushtukiza. Aliyashusha yote kumi na manne, akayafua kwa maji moto na sabuni ya unga, akayapiga pasi na kuyarudisha. Yalitakata ajabu.

Asubuhi ya harusi Bi Kiberiti aliingia kupanga maua, akanusa sabuni, akasimama. Alikuwa keshavaa gauni lake, na kiberiti kilikuwa mkobani. Ukanda uliwaka mpaka kwenye koleo, kwa maana dawa yote ilikwenda na maji. Kila meza ilikuwa na mishumaa. Ndugu wa bwana harusi walimsihi avumilie, ni siku moja tu. Aliwajibu kwamba moto hauna shemeji, akapanda ngazi na gauni lake, akayashusha mapazia yote. Binti aliolewa mbele ya ukuta mtupu wenye mabomba. Alilia sana, na mama mtu naye alilia, ila yeye alilia akiwa juu ya ngazi.

Jumatatu meneja alitaka jina la mfuaji ili amfukuze. Bi Kiberiti alisema kosa ni lake, kwani hakuandika popote kwamba mapazia hayo hayafuliwi. Alipewa barua ya onyo, na cheo alichokuwa akikitarajia mwaka ule kikaenda kwa mwingine. Alirudi kwenye cherehani, akaongeza maneno mawili kwenye kila kitambaa cheupe: Usifue kamwe.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mfuaji yule ni mimi ninayeandika wasifu huu. Mmenicheka miaka yote kwamba namfuata bibi huyu kama mkia. Sasa mnajua sababu.

Wiki jana nilikwenda kwa bintiye kumwomba radhi. Picha za ule ukuta wa mabomba zimetundikwa sebuleni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba anajua. Mama yake alimweleza siku ileile, akamwapisha asinionyeshe uso mbaya hata siku moja. Nami nilidhani ananichangamkia kwa sababu hajui.

Bi Kiberiti, jana ulinikabidhi daftari na kiberiti, bila hotuba. Pazia la kwanza nitalipima tarehe mosi. Kwa niaba ya wenzangu wote, na kwa niaba yangu hasa, asante, mama. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na maisha mema. Na mapazia ya nyumbani kwako, uyafue upendavyo.