Akello Aliyetunga Watu Wakicheza

Kwa niaba ya wazazi wetu, Mzee Joab na Mama Jerusa, mimi Phelix nasimama kusoma maisha ya Janefer Akello, aliyezaliwa nyuma yetu mapacha, na mnisamehe nikipaza sauti, maana dada huyu hasimuliwi polepole.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1997 katika kambi ya wafanyakazi nje ya Kericho, ambako Baba alifanya kazi katika kiwanda cha chai na kuongoza kwaya ya kanisa. Akello alisoma Kericho na Sotik, akahitimu mambo ya kompyuta mwaka 2019, kisha akaajiriwa Bomet. Hakuolewa wala kupata mtoto, ila wachumba, tusidanganyane, walikuwepo.

Mwaka 2021 alianza kazi iliyompa jina, kusimama mbele ya watu na kompyuta, akiandika programu inayoonekana ukutani, kila mstari ukigeuka ngoma au besi papo hapo, na shoo ikiisha anafuta yote. Baba, ambaye kwaya yake haijawahi kuimba bila mazoezi, alisema kutumbuiza bila kujiandaa ni kudharau watu, akakataa kwenda kumwona, na hilo lilimuuma Akello kuliko selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao.

Kumbe kila asubuhi Akello alikuwa akitunga, anafuta, anatunga tena, ili vidole vizoee kutafuta njia. Mama alimweleza Baba hayo, na tarehe 12 Agosti 2023 mzee akaketi mbele ukumbini Kericho, mikono amekunja. Katikati ya shoo Akello akakosea mstari, muziki ukakatika, jamani, nilitaka kujificha! Ndipo Baba, asiyevumilia mdundo uanguke, akaanza kupiga makofi, ukumbi ukamfuata, na Akello, badala ya kurekebisha kosa, akasikiliza makofi ya babake na kuandika wimbo mpya juu ya mdundo huo. Tulicheza! Baba alicheza, mashahidi mko hapa.

Januari 2025 selimundu ilimlemea, akalazwa, na Baba alipomuuliza kwaya ijiandae kumwimbia wimbo gani, akacheka, akamwomba asipange kitu. Alituacha tarehe 3 Machi 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa Bomet, na Kipyegon aliyebeba spika zake kila mahali. Kwaya itakayoimba sasa haijafanya mazoezi, ni amri ya Baba mwenyewe.

Pumzika kwa amani, nyaminwa, dada yetu. Baba, anza.