Nyuso Nyuma ya Mulinzi: Kumuaga Ndugu Idriss Alimasi

Ndugu Idriss Alimasi aliingia katika nyumba yetu ya uchapishaji tarehe 3 Februari 1992, akiwa na penseli mbili na barua ya mjomba wake. Anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kwa miaka thelathini na mitatu, kila mwezi, yeye peke yake ndiye aliyemchora Mulinzi, yule shujaa wa hadithi zetu za picha anayeruka juu ya mabati ya Lubumbashi na kikwembe, kile kitenge chake, mgongoni, akiinua magari-moshi kwa mkono mmoja.

Mtoto wa fundi cherehani mwenye asili ya Maniema, Idriss alijua nguo kabla ya kujua wino. Ndiyo maana kikwembe cha Mulinzi kinapepea vizuri vile. Magari anayachora vibaya hadi leo, na tukimtania hujibu kwamba Mulinzi hana haja ya gari.

Lakini wasomaji walimpendea jambo jingine. Mwaka 1996 mjane mmoja wa mtaa wa Ruashi, Mama Brigitte, alileta picha ya marehemu mumewe, akaomba awekwe katika umati unaomtazama Mulinzi akiruka. Idriss alimweka, na toleo lililofuata akamweka tena. Habari zikaenea, watu wakaanza kupanga mstari mlangoni na picha za marehemu wao. Masharti yake yalikuwa mawili: hapokei kitu, na marehemu hawawekwi kamwe kwenye ukurasa wenye moto au vita. Tajiri mmoja wa mtaa wa Golf, mzima wa afya, alitaka achorwe akiruka sambamba na Mulinzi. Alichorwa nyuma kabisa, ameshika mbuzi.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Tulipoambiwa kwamba Abigaël Chileshe, msichana wa miaka ishirini na sita, ndiye atakayemrithi, tuliogopa, tusifiche. Abigaël ana mkono mzuri, lakini majaribio yake ya kwanza yalikuwa na umati wa watu wa kubuni, wote wageni. Mama Brigitte alifika mwenyewe ofisini kuuliza: «Bwana yangu atabakia mule?» Idriss alisema tu kwamba kalamu si yake tena.

Wiki iliyopita Abigaël aliweka mezani kurasa za toleo la Julai. Alikuwa amepekua matoleo yote ya nyuma. Idriss alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya umati, uso kwa uso, akiwataja kwa majina. Marehemu wote sabini na watatu aliowachora walikuwamo, mume wa Mama Brigitte mbele kabisa. Kisha kidole kikasimama kwa mwanamke ambaye yeye hakuwahi kumchora. Alikuwa Fatouma, mke wake, aliyefariki mwaka 2023. Marehemu wa wenzake aliwachora wote. Wa kwake, mkono ulimkatalia, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja hatukuthubutu kumuuliza. Abigaël aliomba picha kwa binti yao, Alima, bila kumwambia mtu. Idriss alilia mbele yetu wote. Akasema, «Ni yeye kabisa», akasimama, akampa Abigaël kiti chake.

Asante, Ndugu Idriss, kwa kila uso. Nenda nyumbani Naviundu, upumzishe mkono huo. Mungu akupe siku nyingi na njema, na kila mwezi tutakuletea toleo jipya, umwone Mama Fatouma.