Fundi Vidole na Gari la Mama Mkwe

Ndugu, majirani na mafundi wenzake marehemu, tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Vidole. Haya ndiyo maisha yake kwa ufupi, na mahali pa kucheka mcheke, kwa sababu mwenyewe angeanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha uani, nyuma ya banda ambamo baba yake alishona viti vya magari. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alikuwa akisema kwamba watoto wengine walitambaa kumfuata mtu, huyu alitambaa kwenda uvunguni mwa gari.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Alipokuwa darasa la sita, bomba la maji la shule lilikuwa likidondosha kwa muda mrefu, akalifungua aone ndani kuna nini. Kulikuwa na maji, na shule nzima iliyaona pamoja naye. Mwalimu mkuu, suruali imelowa hadi magotini, alimwuliza, "Wewe, nani kakutuma?" Akajibu, "Lilikuwa linalia, mwalimu." Baadaye alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu mwaka 1976 na cheti cha ufundi wa magari.

Aliajiriwa katika karakana ya malori mwaka 1977, na mwaka 1983 akafungua gereji yake nyuma ya kituo cha mafuta. Alipenda magari makuukuu ya otomatiki. Katika magari hayo, mafuta ya gia hupitia mabomba mawili membamba hadi kwenye rejeta, yanapoa, kisha yanarudi kwenye gia boksi. Kila mwisho wa bomba unashikwa na kiungio, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba. Kikilegea, mafuta yote yanamwagika barabarani na gia boksi inaungua. Hilo marehemu alilijua tangu shuleni. Alikuja kulielewa kwa mama mkwe.

Mwaka 1984 alikuwa akimchumbia binti mshona mapazia, ambaye leo ni mjane wake. Mama wa binti alikuwa mkunga, na gari lake la otomatiki ndilo lililomfikisha kwa wajawazito usiku na mchana. Siku moja Fundi aliliona likivuja, akajitolea kubadilisha kiungio cha upande wa rejeta. Alichukua kilichofanana na kile cha zamani. Kilizunguka kidogo, kikagoma. Badala ya kukitoa, alikizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, akakikaza kwa spana mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Hakikuvuja hata tone. Alinawa mikono, akaletewa chai, akajiona mkwe kamili.

Kesho yake mkunga aliitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Katikati ya mlima kiungio kikachomoka. Injini ilinguruma, gari likabaki palepale. Mkunga alimalizia safari juu ya lori la matofali, na mtoto akazaliwa salama. Aliporudi, gauni jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi, alimkuta Fundi ameketi sebuleni na hana pa kuweka macho.

"Baba," alimwambia kwa upole, "binti yangu nakupa, kwa sababu anakutaka na ana akili zake timamu. Gari langu usiliguse."

Walifunga ndoa tarehe 1 Desemba 1984. Ukumbini shemeji yake alishika kipaza sauti na kutangaza, "Jamani, bwana harusi asisogee kwenye maegesho!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bwana harusi naye alicheka, lakini utani ule ulimwingia.

Mama mkwe hakumchukia. Alimpikia, alimshonea vifungo, akawapokea duniani watoto wao wote wanne kwa mikono yake. Ila kila alipokuja kuwatembelea, ufunguo wa gari ulikuwa umening'inia shingoni mwake, na gari alilipeleka kwa mafundi wengine. Kwa miaka mingi Fundi alitamani kitu kimoja tu: mama huyo amkabidhi ule ufunguo.

Hakuomba. Alibadilisha namna yake ya kufanya kazi. Alitafuta trei ya mayai, na katika kila tundu akaweka kiungio cha aina yake alichokitoa kwenye magari mabovu: kimoja hupokea bomba lililopanuliwa mdomo kama tarumbeta, kingine kina oringi, ile pete ya mpira, kingine hushikwa na klipu ya waya. Vingi vinafanana kama ndugu, lakini hesi zake, ile mikato inayozunguka, hazilingani. Kwa hiyo alijiwekea sheria, na kila aliyefanya kazi kwake aliijua: kiungio kizungushwe kwa vidole mpaka kikae. Kikigoma vidoleni si chenyewe, hata kifanane vipi. Spana inakuja mwisho, kukaza kidogo, na spana ya pili imeshika upande wa rejeta ili bomba lisijikunje. Kuhusu cha klipu alisema hivi: "Sukuma mpaka kilie, kisha vuta. Usipovuta wewe, barabara itavuta." Sheria hiyo ya vidole ndiyo iliyompa jina lake.

Agosti 1995 lile gari liliingia gereji. Fundi mwingine alikuwa amekata bomba na kuunga mpira wa petroli kwa vibanio, na mpira ulikuwa umevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna kitu kinadondoka."

"Kina rangi gani?"

"Nyekundu. Na usijifanye hujui. Kila Jumapili unachungulia chini ya gari langu kama mtu anayetafuta kuku."

Akavua ufunguo shingoni na kumpa. Kisha akaomba kigoda, akakaa kumtazama.

Fundi aliondoa mpira, akaandaa bomba jipya, akapangusa tundu la rejeta na kuanza kujaribu viungio vya kwenye trei. Cha kwanza kilizunguka kidogo, kikagoma. Akakitoa. Cha pili vilevile. Jasho lilimtoka.

"Kwani spana imepotea?" aliuliza mama mkwe.

"Ipo, mama. Zamu yake bado."

Cha tatu kiliingia kwa ncha za vidole, laini, mpaka mwisho. Mama mkwe akaangua kicheko. "Kumbe! Hata sisi leba tunaanza na vidole. Mwenye haraka tunamtoa nje."

Ilibidi gari liendeshwe ili mafuta yapate moto na kiungio kikaguliwe tena. Mama mkwe alipanda kiti cha nyuma, na kabla ya njia panda ya kwanza alikuwa anakoroma. Fundi alizunguka mitaa mingi kuliko kazi ilivyohitaji, asimwamshe. Jioni alirudi nyumbani akitabasamu peke yake.

"Umeokota nini?" mkewe alimwuliza kutoka kwenye cherehani.

"Mama yako kalala ndani ya gari."

"Sasa hiyo nayo habari?"

"We acha tu."

Mwaka 2022 marehemu alianza kuugua moyo. Daktari alipomweleza kwamba moyo hausukumi damu vizuri, aliuliza, "Yaani pampu ndiyo imechoka, mabomba mazima?" Daktari akasema mabomba mazima. "Basi upande wangu hauna lawama," akajibu. Alitibiwa hospitalini na nyumbani, na mama mkwe alihamia kwake kumwuguza, akimpima mapigo kwa vidole asubuhi na jioni. Alifariki dunia nyumbani, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, familia ikiwa karibu naye.

Wasifu huu ulisomwa kwanza jana mbele ya familia. Msomaji alipofika penye neno "mama mkwe" katika majina ya waliobaki, mama huyo, ambaye sasa ana miaka themanini na minne, aliinua mkono.

"Mkwe wa nani? Futa hapo. Andika sawasawa."

Kwa hiyo imeandikwa sawasawa. Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na mama yake.

Mungu ampe pumziko jema.