Papa Hénock Kisimba, Aliyechagua Mteja Anayebaki

Mchungaji, wakwe zetu, majirani wa Berea na wa Malvern, na ninyi wafanyakazi wenzake mliotoka Braamfontein, poleni sana kwa msiba. Mimi ni Jacques, baba yake mdogo. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za mtoto wetu kwa sababu nilikuwepo alipozaliwa na nilikuwepo alipoondoka. Mkiona nimetoka barabarani kidogo, nivumilieni, nitarudi.

Marehemu Hénock Kisimba Mulongo alizaliwa Kalemie, Alhamisi tarehe 3 Mei 1984. Alikuwa mtoto wa tatu wa kaka yangu Mulongo, fundi wa reli, na Mama Feza, muuza unga wa muhogo. Mkunga alitutisha, alisema mtoto halii, anaangalia watu tu mmoja mmoja. Alikuwa hivyo mpaka mwisho. Ukiongea naye, anakuangalia mpaka umalize.

Alianza shule ya msingi kwa masista hapo hapo Kalemie mwaka 1990. Vita ilipomkuta sekondari, kaka yangu alimtuma kwangu. Alifika Johannesburg Februari 2000, ana miaka kumi na tano, anajua Kiswahili na Kifaransa, lakini Kiingereza hata cha kuomba maji hana. Tulikuwa Berea, familia nne katika fleti moja, kila familia na pazia lake. Matriki, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, alimaliza mwaka 2004, shule moja huko Malvern. Lakini niseme ukweli, Kiingereza hakukipata darasani, alikipata kliniki. Mama zetu wa jengo lile walikuwa hawana lugha ya kuongea na nesi, basi walikuwa wanamchukua awatafsirie. Anakaa nao kwenye mabenchi, anauliza: dawa gani unameza, asubuhi au jioni, daktari wako ni nani? Mama mmoja, Mungu amrehemu, alikuja kujua Kiingereza vizuri kabisa na bado alikataa kuingia kwa nesi bila Hénock.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ulinzi, Braamfontein, kuanzia 2005. Alilinda mlango wa jengo lenye ofisi ya simu miaka tisa, akiwaangalia vijana wa tai wakipanda lifti. Septemba 2014 na yeye akapanda. Kampuni ile ilikuwa inauza kwa simu bima ya afya ya wazee wa Marekani, inaitwa Medicare. Mzee wa kule akifika miaka sitini na tano serikali yake inamsaidia matibabu, lakini kuna mipango mingi ya kuchagua, mpaka kichwa kinauma. Hénock alikuwa anampigia na kumsaidia kuchagua. Leseni ya kule ina mtihani. Alianguka mara mbili, ya tatu akapita.

Ndoa nilitaka kuiruka, kumbe ni ya kabla ya hapo. Alifunga ndoa na Clémentine, fundi wa cherehani wa Jules Street, Jumamosi tarehe 16 Juni 2012. Glody akazaliwa mwaka uliofuata. Tangu hapo tunamwita Clémentine Mama Glody.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mtoto wetu alipopimwa.

Muuzaji wa bima analipwa komisheni. Mzee akikubali kwenye simu, muuzaji anachukua yake yote mara moja. Mzee akitoka kwenye mpango kabla ya miezi mitatu, kampuni inaichukua tena. Kwa hiyo wengi walikuwa wanauza mbio. Hénock alikuwa anaanza na salamu kama sisi: umeamkaje, mguu unaendeleaje, watoto wanakupigia? Halafu anamwomba mzee alete chupa za dawa mezani, asome jina moja moja. Dakika hamsini kwa mtu mmoja! Tena anawaita Mama na Papa. Wale wanaosikiliza rekodi wakamkata alama, wakasema mteja anaitwa kwa jina la ukoo. Akawajibu, "Huyu ana miaka themanini na moja. Nikimwita kama polisi, mama yangu Kalemie atanisikia."

Mwaka 2021 kampuni ikaleta karatasi: kila muuzaji achague. Ama komisheni yote mara moja, ama sehemu ndogo sasa na kidogo kila mwezi, mradi mteja bado yupo. Hénock wakati ule alikuwa wa mwisho kwenye ubao wa mauzo. Msimamizi wake, Bwana Lungelo, ambaye tuko naye hapa, alikuwa ameshamwambia: ikifika tarehe 31 Machi mwakani bado uko chini, tunaachana. Na Mama Glody alikuwa na mimba.

Cédric, rafiki yake wa meza ya pili, aliyemwita Yaya, yaani kaka, ndiye aliyeongoza ubao. Akamwambia, "Yaya Hénock, chukua yako yote. Huyo mteja wako wa miaka themanini na moja anaweza kufa kesho."

"Akifa nitawapigia watoto wake, nitawapa pole."

"Eish! Na pole inalipa randi ngapi?"

Hénock akatia sahihi ile ya kidogo kidogo. Nyumbani nilikuwepo, nakula, Mama Glody alipomuuliza.

"Papa Glody, umechagua ipi?"

"Ya polepole."

"Na huyu wa tumboni naye nimwambie aje polepole?"

"Mama Glody, ukimshonea mtu gauni likachanika kanisani, anarudi kwako?"

"Anarudi. Na shangazi zake, kunitukana."

"Basi."

Mama Glody alicheka, lakini siku mbili hakumsemesha mumewe.

Novemba hiyo mzee mmoja wa Georgia alitaka kuhamia mpango unaolipia meno. Hénock akamuuliza daktari wake wa moyo ni nani, akatafuta, akakuta daktari yule hayumo kwenye orodha ya mpango mpya. Akamwambia, "Papa, baki ulipo." Bwana Lungelo alikuwa anasikiliza kwenye laini. Akatoka ofisini kwake.

"Hénock, umemwambia mteja asinunue?"

"Nimemwambia asinunue hii, bosi. Daktari wake hayumo."

"Unajua tarehe 31 Machi ni lini?"

"Najua. Iko karibu na siku ya kuzaa ya mke wangu, nahesabu zote mbili."

Mipango mipya inaanza kazi Januari. Januari hiyo wazee waliouziwa mbio wakaenda kwa madaktari wao, wakaambiwa hapa bima yako haifanyi kazi. Wakaanza kutoka. Februari Cédric peke yake alipoteza wateja kumi na tisa, na komisheni zao zikarudi kwa kampuni. Hénock alikuwa amesajili wazee sitini na wanne. Waliotoka ni wawili: mmoja alikufa, mwingine alihamia kwa mtoto wake Texas. Na Machi yule Papa wa Georgia akapiga mwenyewe, ana ndugu zake wawili wa kanisani wanaofikisha miaka sitini na tano, anataka wahudumiwe na Hénock na si mtu mwingine.

Tarehe 31 Machi 2022 Bwana Lungelo akamsimamisha mbele ya wote. Watu walidhani anafukuzwa. Akasema, "Fundisha hawa." Cédric akasimama, "Sharp, sawa mwalimu! Nianze na umeamkaje?" Ofisi nzima ikapiga makofi. Alipewa timu ya watu kumi na wawili, kazi yao kuwapigia wazee baada ya kununua, kujua kama wametibiwa. Timu hiyo ipo mpaka leo. Na ile ya polepole ikajikusanya, mwezi kwa mwezi, mpaka mwaka 2023 wakahama Berea wakaingia nyumba yao ya kupanga Malvern, yenye mlango wake. Mama Glody alifungua na kufunga ule mlango mara nyingi, bila sababu.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hata pale alikuwa anauliza majirani wa mashine wanameza nini. Alifariki hospitalini Jumanne asubuhi, tarehe 18 Novemba 2025, mkono wake uko kwa mke wake.

Huu ni msimu ambao mzee yeyote yuko huru kuhama, mpaka tarehe 7 Desemba, na kampuni nyingine zinawapigia kila siku. Hénock aliacha wateja mia nne na kumi na wawili. Timu yake iliwapigia wote kuwapa habari. Mmoja alikasirika, kwa nini hakuambiwa kwamba anaumwa. Wengine waliuliza mazishi ni saa ngapi kwa saa za kwao. Jana Cédric alikuja nyumbani, akakaa chini kwenye mkeka, akamwambia Mama Glody: mpaka sasa hakuna aliyehama.

Marehemu ameacha mke wake Clémentine; watoto wake Glody na Chloé, yule aliyekuwa tumboni; mama yake mzazi, Mama Feza; ndugu zake wanne; sisi baba zake; timu yake ya watu kumi na wawili; na wazee wa ng'ambo ambao hawakuwahi kuiona sura yake.

Alitukuta wengi, ametuacha wengi zaidi. Mungu ampe usingizi wa amani. Wote wamebaki.